Kwa nini sandwichi inapakwa siagi, na namna ya kuipaka mpaka ifike ofisini mkate ukiwa bado mkate

Mbukwenyi wadau. Swali ninaloulizwa sana na watu wanaoagiza sandwichi kwangu hapa Dodoma ni hili, dada kwa nini unapaka siagi hata kwenye sandwichi ya kuku, si kuku ana mafuta yake tayari, si unatuongezea tu mafuta mwilini? Ni swali zuri na linataka jibu refu, maana watu wengi wanajua siagi ni ya ladha tu, kwamba ukishakuwa na jamu au kachumbari basi siagi ni anasa unaweza ukairuka. Hapana. Kazi ya kwanza ya mafuta kwenye sandwichi ni kuzuia maji. Ladha ipo na ni tamu kweli, ila ukishaelewa hili la maji ndo utajua upake nini, upake kiasi gani, na wakati gani huna haja ya kupaka kabisa.

Naandika kwa hatua. Zingine ndefu zingine fupi, kutegemea kazi iko wapi.

Kwanza jua maji yanatoka wapi

Ukikata mkate ukauangalia kwenye mwanga utaona umejaa vitobo, vikubwa na vidogo, na wanga wake ni mkavu kuliko karibu kila kitu unachoweka katikati. Nyanya ni maji karibu asilimia 95, tango nalo hivyo hivyo, na ukishavikata maji yanakuwa hayana ngozi ya kuyazuia. Ukinyunyiza chumvi ndo umeyaita kabisa, chumvi inavuta maji kutoka ndani ya nyanya yanakuja juu. Mkate ukikaa hapo chini unanyonya tu. Mafuta na maji havichanganyikani, kwa hiyo ukipaka tabaka la mafuta juu ya mkate unaziba vile vitobo vya juu na maji yanabaki upande wao.

Kama huniamini fanya hiki kitu jikoni kwako leo. Chukua slesi mbili za mkate mmoja, moja ipake siagi vizuri mpaka kwenye kingo, nyingine iache kavu. Weka kipande cha nyanya juu ya kila moja, unene ule ule, nyunyiza chumvi kidogo, funika na sahani, endelea na shughuli zako kama nusu saa hivi. Ukirudi nyanyua nyanya. Kwenye slesi kavu utakuta duara la pinki limelowa, ukibonyeza na kidole mkate unabonyea na haurudi, na ukiinua kidole unatoka na uji uji wa mkate. Kwenye slesi iliyopakwa utaona vitone vya maji vimesimama juu ya siagi, vinateleza ukiinamisha mkate, unaweza hata kuvifuta na tishu, na chini yake mkate ni mkavu kama ulivyouacha. Nusu saa tu hiyo. Sasa fikiria mtu anayetoka Nkuhungu saa 12 asubuhi kwenda Mji wa Serikali kule Mtumba, anakula saa 4 au saa 7, hiyo nyanya imekaa na mkate muda gani.

Hatua ya kwanza, chagua mafuta yanayosimama

Hapa ndo penye kazi kubwa kwa hiyo nitakaa kidogo. Siyo mafuta yote yanaweza kuzuia maji kwenye mkate. Yanayofaa ni yale ambayo ni mazito au yameganda kwenye joto la mahali sandwichi itakapokaa. Mafuta ya alizeti kwa mfano, huku kwetu kati ndo nyumbani kwake, Singida na Dodoma barabarani unaona madumu yamepangwa, na kwa kupikia mimi siyabadilishi. Lakini ni ya majimaji. Ukiyamwagia mkate yanazama kwenye vitobo mpaka upande wa pili, hayaachi tabaka juu, matokeo yake mkate unakuwa mzito wa mafuta na bado nyanya inapata njia. Kwa hiyo alizeti kikaangoni sawa, kwenye sandwichi ya kubeba hapana.

Siagi ya maziwa ni mafuta kama asilimia 80, maji kama asilimia 16 na kidogo kinachobaki ni vitu vya maziwa na chumvi. Cha muhimu ni kwamba yale maji yamefungwa ndani ya mafuta, vitone vidogo vidogo vimezungukwa na mafuta pande zote, ndo maana siagi ina maji lakini hailowanishi mkate. Inaanza kulainika kwenye nyuzi kama 20 na inayeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35, chini kidogo ya joto la mdomo, na hapo ndo ule utamu wake unapotokea, inayeyukia ulimini. Shida ni kwamba nyuzi hizo Dodoma tunazijua. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi kali na upepo, siagi inakuwa ngumu hata ukiiacha nje ya friji, sandwichi ya siagi ya maziwa hapo inafika salama kabisa. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza mchana jua linawaka, na ukiacha begi ndani ya gari lililoegeshwa juani siagi inarudi kuwa mafuta ya maji na kuzama kwenye mkate, sawasawa na ile alizeti niliyoisema.

Ndo maana kwa sandwichi za kubeba miezi ya joto natumia majarini, hii ya kopo kama Blue Band ambayo dukani inakaa kwenye shelfu bila friji. Majarini ilianzia Ufaransa mwaka 1869, mkemia Hippolyte Mège-Mouriès aliitengeneza baada ya Napoleon III kutangaza zawadi kwa atakayepata kitu cha bei nafuu kuchukua nafasi ya siagi kwa ajili ya wanajeshi na watu wa kipato cha chini. Ya kwake aliianza na mafuta ya ng'ombe, siku hizi ni mafuta ya mimea, ukisoma lebo mara nyingi utakuta mawese. Soma lebo kwa kweli, na angalia vitu viwili. Kimoja ni asilimia ya mafuta, kuna zile zinazouzwa kama nyepesi ambazo mafuta yake ni nusu tu au chini ya hapo, kilichobaki kikubwa ni maji, kuzipaka ni rahisi sana ila ukuta wake ni dhaifu na kwenye kikaango zinaruka ruka. Cha pili ni kama imeandikwa mafuta yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni, hiyo iache dukani, ndo inabeba yale mafuta yanayoumiza moyo ambayo Shirika la Afya Duniani limezitaka nchi ziyaondoe kabisa kwenye chakula.

Halafu kuna karanga, na hii naipenda na nitaitetea. Siagi ya karanga ni mafuta karibu nusu yake, maji karibu haina, na inashika mkate vizuri mno. Na jamani huku kati karanga tunalima wenyewe. Wengi mmepita Kongwa ila sijui kama wote mnajua kwamba mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, pamoja na Urambo na Nachingwea, kwa sababu baada ya vita kwao mafuta ya kula yalikuwa ya mgao, siagi na majarini watu walipimiwa. Yaani mafuta ya kupaka mkate wa Muingereza yalitarajiwa kutoka Kongwa. Matrekta yaliharibika, udongo ukikauka unakuwa mgumu kama mwamba, mvua haikuja walivyopanga, mwaka 1951 wakaachana nao, na kule kwao mgao wa siagi na mafuta ulikuja kuisha 1954. Wakulima wetu wadogo wenye jembe la mkono karanga wanazitoa mpaka leo.

Ukisaga karanga zako mwenyewe chagua moja moja kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au yenye uchungu toa tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, kwetu siyo hadithi, mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafariki kwa mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo zinaipata vile vile zikihifadhiwa na unyevu. Kukaanga hakuimalizi. Nisameheni kama nimekazia lakini hapa sitanii.

Mayonizi watu wanaipenda na mimi naitumia, ila ijue tabia yake. Ni mafuta mengi sana lakini mpangilio wake ni kinyume cha siagi, pale vitone vya mafuta ndo vimezungukwa na maji maji ya siki na yai. Kwa hiyo ina mafuta mengi na bado inaweza kulowanisha mkate kidogo kidogo. Kwa sandwichi inayoliwa hapo hapo haina neno. Kwa ya kubeba, paka siagi nyembamba chini halafu mayonizi juu yake, au changanya mayonizi na kuku au yai lako halafu mkate uwe umepakwa siagi. Watu wanaona kama nazidisha ila jaribu uone tofauti.

Parachichi tunaletewa kutoka Njombe na Mbeya, tamu, lina mafuta mazuri, ila maji yake ni mengi kuliko mafuta, asilimia 70 na kitu. Linafaa kwa mkate uliotostiwa na kuliwa ndani ya dakika chache, kamulia ndimu lisiwe jeusi. Samli ya kienyeji nayo, hii ya wafugaji wetu, ni mafuta karibu matupu hayana maji, asubuhi ya baridi inaganda punje punje na inapakika vizuri, mchana wa joto inayeyuka. Harufu yake ni kali, inakwenda vizuri na yai na nyama ya kukausha, na jamu sikushauri.

Hatua ya pili, ilainishe kwanza

Siagi ngumu inachana mkate. Na mkate uliochanika ndo mlango wa maji, kwa hiyo hili ni suala la kazi, siyo la urembo. Itoe kwenye friji nusu saa kabla, au kata kipande unachohitaji weka kwenye kibakuli, chukua glasi iliyomwagiwa maji ya moto ikapata joto, mwaga maji, futa, ifunike juu ya siagi dakika chache. Usiiweke kwenye moto wala juu ya jiko, ikishayeyuka ule mpangilio wa vitone vya maji ndani ya mafuta unavunjika, ukiigandisha tena inakuwa imejitenga na haipakiki vizuri. Unataka iwe laini ya kubonyea na kidole, isiwe ya kumiminika.

Majarini ya kopo hatua hii unairuka.

Hatua ya tatu, mkate

Mkate wa moto kutoka bekari ni mtamu kwa chai ila usiutengenezee sandwichi ya kubeba, mvuke bado unatoka ndani na siagi itayeyuka, subiri upoe kabisa. Mkate wa jana unapakika vizuri zaidi kuliko wa leo asubuhi. Na tafadhali usiweke mkate kwenye friji ukidhani unautunza, baridi ile ya friji inafanya wanga ukakamae haraka kuliko ukiacha nje. Kama unataka kuuhifadhi siku nyingi, uweke kwenye friza, slesi zitenganishe kabla ili utoe unazotaka. Upepo wetu wa kiangazi nao ukiacha mkate wazi wakati unaandaa vitu vingine unakauka uso wote, fungua pakiti ukiwa tayari kupaka.

Hatua ya nne, kupaka kwenyewe

Tumia kisu cha mezani chenye ubapa mpana, kisiwe na meno. Weka siagi katikati ya slesi, kijiko kimoja cha chai kinatosha slesi moja ya kawaida, hiyo ni kama gramu 5, kwa hiyo kopo la gramu 500 linapaka kama slesi 100. Sukuma kutoka katikati kwenda nje, kingo zote nne, mpaka kwenye pembe. Hapa kwenye pembe ndo wengi wanapoachia. Wanapaka duara katikati, pembe zinabaki kavu, halafu wanashangaa sandwichi imelowa upande mmoja. Ni sawa na lori la alizeti limefunikwa turubai katikati tu, mvua haihitaji mahali pakubwa pa kuingilia. Tabaka jembamba lililofika kila mahali linafanya kazi kuliko tabaka nene la katikati, na ni nafuu pia.

Paka slesi zote mbili kwa ndani. Yaani ya chini na ya juu. Ya juu watu wanaisahau kwa sababu wanadhani maji yanashuka tu, lakini ukishaifunga na kuiweka kwenye begi hakuna tena juu wala chini, inalala ubavu, inageuka, bodaboda inaruka matuta.

Kama una muda, na hasa asubuhi ya joto, ziweke slesi zilizopakwa kwenye friji dakika 10 kabla ya kuweka vitu vya ndani, tabaka ligande. Hili ndo ninalofanya kwa oda za ofisini na nalipendekeza kwa kila mtu mwenye friji.

Faida nyingine ya tabaka hili utaiona hapo hapo mkononi, karoti ya kukwaruza, majani ya saladi, kuku wa kuchambua, vyote vinashika kwenye siagi, havidondoki mtu akiuma. Na mkate mkavu unateleza mdomoni badala ya kugandia kwenye ufizi, wazee na watoto wadogo wanaujua huo mtihani. Halafu kuna harufu za kitunguu swaumu, pilipili manga, hoho, nyingi zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo ukichanganya siagi na kitunguu swaumu kilichopondwa kidogo na majani ya giligilani ladha inasambaa kwenye kila tonge. Hiyo ndo ile ladha niliyoigusia mwanzoni.

Hatua ya tano, panga vitu kwa akili

Mkate, siagi, kisha kitu kikavu, kisha kitu cha maji katikati, kisha kikavu tena, siagi, mkate. Kikavu ni kama jibini, nyama baridi iliyokatwa, jani la saladi lililokaushwa kweli kweli na kitambaa. Cha maji ni nyanya, tango, kachumbari. Nyanya ikate, toa mbegu na ule ute ute, nyunyiza chumvi kidogo iache kwenye chujio dakika 10 au 15, kisha ikaushe na tishu, nusu ya tatizo umeshalimaliza. Tango hivyo hivyo, Waingereza wana sandwichi yao ya tango ya kunywea chai, mkate mwembamba, siagi na tango basi, na bila siagi ile isingekaa hata robo saa. Wafaransa nao wana yao ya baguette, siagi na nyama baridi ya paja la nguruwe (ham), pale nyama ni kavu na siagi inafanya kazi ya kulainisha zaidi kuliko kuzuia maji.

Yai la kuchemsha, soseji, kuku wa kukaanga, vyote viache vipoe kabisa. Ukiweka yai la moto juu ya siagi umeyeyusha ukuta wako mwenyewe, na ule mvuke ukifungiwa ndani unageuka maji. Haraka ya asubuhi naielewa, mtoto anasubiriwa na basi la shule, basi chemsha mayai usiku.

Jamu na asali zina mambo yake. Zinaonekana nzito lakini zinaingia kwenye mkate taratibu na kuufanya unate, kwa hiyo nazo zinataka mafuta pande zote mbili. Mchanganyiko wangu wa kwanza kwa safari ni siagi ya karanga slesi ya chini, siagi ya karanga slesi ya juu, asali ya Manyoni au jamu ya zabibu za hapa hapa Dodoma katikati. Vyote vya kwetu. Asali usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja, hilo ni la kitabibu.

Hatua ya sita, kufunga na saa

Siagi inazuia maji, haizuii bakteria. Naliandika wazi kwa sababu nimesikia watu wakisema sandwichi iliyopakwa siagi inakaa muda mrefu. Mkate unabaki mkavu, ndiyo, ila kuku na yai vinaharibika kwa kasi ile ile. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni chakula kilichopikwa kisizidi saa 2 kwenye joto la kawaida, na kwenye joto letu la Oktoba mimi napunguza mpaka saa 1. Kwa hiyo kama ofisini kuna friji, sandwichi ya kuku iende kwenye friji ukifika tu. Kama hakuna, igandishe chupa ndogo ya maji usiku kucha, iweke kwenye kontena pamoja na sandwichi, inafika mchana ikiwa bado ya baridi, inasaidia siagi isiyeyuke na inasaidia kuku, na maji yake utakunywa.

Kwa treni ya mwendokasi kwenda Dar, kuanzia stesheni mpaka unafika nyumbani kwa ndugu zako ni saa 4 au 5 ukihesabu na foleni, usibebe yai wala kuku bila barafu. Beba ya karanga na asali. Au jibini ngumu na siagi.

Funga kwa karatasi ya siagi ile isiyopitisha mafuta au foili, kisha kontena lenye mfuniko. Karatasi ya daftari au gazeti hapana, wino unahamia kwenye chakula na karatasi inanyonya unyevu wa mkate. Kata sandwichi baada ya kufika kama unaweza, ukikata asubuhi unafungua uso mpya ambao haujapakwa kitu.

Ukitaka ya kukaanga au kutosti

Hapa mafuta yanahamia nje. Paka siagi au majarini upande wa nje wa slesi, weka kwenye kikaango kikiwa na moto mdogo, dakika 2 au 3 kila upande, kandamiza kidogo na mwiko. Mafuta yanajaza nafasi kati ya mkate na chuma kwa hiyo joto linafika sawasawa, rangi inatoka ya dhahabu kila mahali badala ya madoa meusi na meupe. Ukisikia inachacharika ujue ni yale maji ya ndani ya siagi yanaondoka, mlio ukipungua ndo kubadilika rangi kunaanza, hapo simama karibu. Siagi ya maziwa inaungua mapema kwa sababu ya vitu vya maziwa vilivyomo. Mayonizi kwa nje nayo inafanya vizuri sana, inakaa bila kuungua haraka na inapakika hata ikitoka kwenye friji. Samli hapa ndo mahali pake hasa, haina maji wala vitu vya maziwa, inavumilia moto.

Kwa wanaopunguza mafuta

Kijiko cha chai cha siagi kina kama kalori 36, slesi mbili ni kama 72. Kwa mwenye presha au lehemu ambaye daktari amemwambia apunguze mafuta ya wanyama, tumia siagi ya karanga isiyo na chumvi wala sukari, au majarini laini ambayo kwenye lebo mafuta ya kugandishwa hayapo. Kama hutaki mafuta kabisa inawezekana pia, ila badilisha sandwichi yenyewe, usiondoe tu siagi ukaacha nyanya pale pale. Beba mkate peke yake, kachumbari kwenye kikopo chake, yai peke yake kwenye baridi, unganisha ukifika. Au tosti mkate kavu pande zote mbili, ule uso uliokauka unachelewesha maji kidogo, dakika 20 hivi za usalama.

Kutunza kopo lako

Kisu kiwe kikavu na kisafi kila unapochota. Chembe za mkate na tone la jamu vikibaki kwenye majarini ndo ukungu unapoanzia, na vikopo vingi vinatupwa mtaani siyo kwa sababu majarini imeisha muda, ni kwa sababu ya kisu. Kama nyumbani mko wengi, chota kiasi cha asubuhi kwenye kisosi, kopo lirudi na mfuniko wake. Siagi ya maziwa iweke mbali na vitunguu na samaki ndani ya friji, inanyonya harufu, ifunge vizuri. Siagi ya karanga ya kusaga nyumbani mafuta yatapanda juu baada ya siku kadhaa, usiyamwage, koroga mpaka chini kabisa kabla ya kupaka, ukiyamwaga inayobaki inakuwa ngumu inachana mkate na tunarudi kule kwenye hatua ya pili.